Zamu ya Usiku Sutherland

Darubini kubwa kuliko zote za mwanga katika nusu ya kusini ya dunia haiinui uso wake wala kuuinamisha. Ilijengwa ikiwa imelala digrii 37 kutoka utosi wa anga, na imebaki hivyo tangu siku ya kwanza. Inachoweza ni kuzunguka tu: hewa husukumwa chini ya nyayo zake, umbo zima la chuma lenye uzito wa makumi ya tani hunyanyuka kidogo mno, hugeuzwa kuelekea upande unaotakiwa, kisha hutuliwa tena sakafuni. Jina lake ni SALT. Iko juu ya kilima nje ya Sutherland, mji mdogo wa nyanda kame za Karoo nchini Afrika Kusini, mita 1,800 hivi juu ya usawa wa bahari. Rais Thabo Mbeki aliizindua tarehe 10 Novemba 2005.

Waliobuni SALT walichukua wazo hilo kutoka darubini ya Hobby-Eberly iliyoko Texas, Marekani, na walijua wanachokiacha. Ukikubali kwamba kioo kikuu hakitaifuata nyota, unaweza kukijenga kikubwa sana kwa fedha kidogo. Kioo cha Sutherland ni vipande 91 vya pembe sita, kila kimoja kina upana wa mita moja hivi, vimepangwa ubavu kwa ubavu hadi vikatanda kiasi cha mita 11 kwa 10. Nyota inapopita, kioo hicho hakitikisiki. Kinachotembea ni mtambo ulio juu yake, umebeba kamera na vyombo vya kupimia, ukiifuata taswira ya nyota polepole kadiri dunia inavyozunguka. Mtambo ukifika mwisho wa njia yake, nyota imekwenda.

Kwa hiyo kila kitu angani kina dirisha lake. Darubini hii huona pete tu ya anga, kati ya mwinuko wa digrii 47 na digrii 59 hivi kutoka upeo wa macho. Nyota inayopita karibu na utosi wa anga huikata pete hiyo mara mbili, kwanza upande wa mashariki ikipanda, kisha upande wa magharibi ikishuka, na kila mara hukaa humo kwa takriban saa moja. Zilizo kusini zaidi hukaa muda mrefu. Wingu Kubwa la Magellan, galaksi jirani ambayo mtu aliyeko Dar es Salaam huiona ikipanda digrii 27 hivi na si zaidi, huko Sutherland hufika digrii 53. Huo ni moyo wenyewe wa pete, nalo hupita humo likisafiri kwa ulalo. Ndiyo maana wanaochunguza wingu hilo wameipenda darubini hii.

Madirisha hayo ndiyo yaliyoamua namna ya kufanya kazi. SALT haimpi mtafiti usiku wa kwake, maana usiku huo angeutumia kusubiri. Maombi yote ya watafiti huingia kwenye foleni moja, na anayepewa muda hupewa kwa kipimo cha sekunde, katika msimu unaoanza Mei au ule unaoanza Novemba. Mwenye ombi anaweza kuwa Warsaw, Madison, Pune au Cape Town. Hapandi kilimani. Anaandika anachokitaka, anatuma, na kukifanya kunamwangukia mtu aliye zamu. Usiku kucha huwapo watu wawili: mwendeshaji wa darubini na mwanaastronomia wa zamu. Ninayetaka kumsifu hapa ni huyo wa pili, ingawa hakuna usiku unaokwenda bila wa kwanza.

Ni mtafiti kamili, mwenye maswali yake mwenyewe kuhusu nyota zinazolipuka au galaksi zinazogongana, na mchana wa siku nyingine yuko ofisini Cape Town akiandika makala zake. Zamu yake ikifika hupanda gari, hukata zaidi ya kilomita 350 kuelekea kaskazini mashariki, na kwa siku kadhaa huyaweka kando yaliyo yake. Kizazi cha watu wa kazi hii kinaongezeka barani kwetu. Programu ya taifa ya astrofizikia na sayansi ya anga ya Afrika Kusini, NASSP, iliyoanza mwaka 2003 katika Chuo Kikuu cha Cape Town, imepokea wanafunzi kutoka nchi nyingi za Afrika, za Afrika Mashariki zikiwamo, na Sutherland ni mahali ambapo wengi wao hukutana na darubini kubwa kwa mara ya kwanza.

Kazi huanza jua likiwa bado juu. Alasiri, mtu wa zamu hupitia taarifa ya usiku uliopita: nini kilifanyika, nini kilikataliwa, chombo gani kilisumbua. Halafu huifungua foleni. Kila ombi lina daraja lake la umuhimu, kuanzia lile lisiloweza kusubiri hadi lile la kujazia muda wakati anga ni mbovu. Lina masharti yake ya mwezi, ya mawingu na ya utulivu wa hewa. Lina pia ramani ya nyota inayoonyesha kitu kinachotafutwa kiko wapi kati ya majirani zake.

Hapo ndipo hodari huanza kujitenga na wa kawaida, kwa sababu yeye huyasoma maombi akitaka kujua mwenyewe anakusudia nini. Mtu ameandika kwamba anataka mwanga upitishwe kwenye mwanya wa upana wa sekunde 1.5 za tao, picha tatu, kila moja dakika kumi na tano. Sekunde ya tao ni sehemu moja ya 3,600 ya digrii: ni sarafu ya upana wa sentimita mbili na nusu ukiitazama kutoka kilomita tano. Kwa nini ameufanya mwanya kuwa mwembamba hivyo? Huenda anapima mwendo wa gesi ndani ya galaksi, na mwanya mpana ungemfifishia mistari ya mwanga anayoihitaji. Kwa nini picha tatu? Kwa sababu miale ya kosmiki hugonga kitambuzi cha mwanga na kuacha madoa, na ukiwa na picha tatu za kulinganisha unaweza kuyaondoa bila kubahatisha. Anayeyaelewa hayo mapema, usiku ukimharibikia atajua kipi kinaweza kupunguzwa na kipi kikipunguzwa ni sawa na kutofanya lolote.

Jua likizama, matundu ya pembeni ya kuba yamekwisha funguliwa ili joto la mchana litoke, na kioo hupangwa. Kando ya kuba kuna mnara, na ndani ya kichwa cha mnara huo kimewekwa chombo mahali palipo kitovu cha mpindo wa kioo. Darubini hugeuzwa kuutazama mnara. Mwanga hutumwa kwenye vipande vyote 91 na kurudishwa, na kila kipande husogezwa kwa kiasi kidogo mno hadi taswira zote 91 ziangukiane mahali pamoja. Halafu usiku unapoa, chuma kinasinyaa, na mpangilio unaanza kulegea. Kwa miaka mingi ilibidi kazi isimamishwe na kioo kipangwe upya katikati ya usiku. Baadaye vilifungwa vihisio kwenye kingo za vipande ili mpangilio ushikiliwe kwa muda mrefu zaidi. Katika miaka ile ya kwanza, kujua lini usimame kulikuwa ustadi kamili peke yake. Ukisimama mapema umemnyima mtu dirisha lake. Ukichelewa umempa mwingine nyota iliyovimba, naye hatajua kwa nini.

Mwezi Juni, giza kamili huingia Sutherland saa moja usiku na kidogo, na hudumu hadi karibu saa kumi na mbili asubuhi. Ni saa kumi na moja za kazi, mara nyingi katika baridi kali. Sutherland hushuka chini ya sifuri na theluji huanguka. Darubini inageuzwa, mtambo unakaa mahali pake, na picha ya kwanza ya sekunde chache inatokea kwenye skrini. Ina nukta nyeupe kadhaa, nyingine kubwa, nyingine hafifu hazionekani vizuri. Mtu wa zamu anaweka ramani ya mwenye ombi kando ya picha hiyo na kutafuta umbo: nyota tatu zilizokaa pembetatu, mbili zilizokaribiana, galaksi ndogo iliyolala kwa mshazari. Macho yake yakishalipata umbo moja, mengine hufuata, na ndani ya dakika moja anajua kitu chenyewe ni kipi.

Ama anadhani anajua. Mitego ni mingi, na wanaoifanya kazi hii vizuri huikumbuka kwa majina. Chukua nyota ya Barnard, ambayo husogea angani upesi kuliko nyota nyingine yoyote inayojulikana, zaidi ya sekunde 10 za tao kila mwaka. Iko ndani ya eneo ambalo SALT hufikia. Mtafiti akichora ramani yake kutoka picha ya zamani iliyopigwa mwaka 1950, tangu hapo nyota imehama zaidi ya dakika 12 za tao, ilhali uwanja mzima ambao SALT huuona kwa wakati mmoja ni dakika 8 tu. Ramani ni sahihi, darubini imeelekezwa sawasawa na ramani, majirani wote wapo mahali pao, na nyota yenyewe haimo kabisa katika picha. Mfano huu ni wa kupita kiasi, na kila mwanaastronomia anaujua. Hatari zaidi ni nyota isiyo na jina iliyosogea sekunde tano tu, ikamwachia mahali pake jirani mwenye mwanga unaofanana. Kamera itapokea mwanga safi kabisa wa nyota nyingine, na kosa linaweza kuishi ndani ya makala iliyochapishwa kwa miaka. Kinachomwokoa mwenye ombi ni mtu mmoja aliyetazama mara ya pili akajiuliza kwa nini nukta hii imekaa kushoto kidogo.

Vitu vingine havionekani kabisa katika picha ya haraka. Hapo hutumika njia ambayo kwangu ni miongoni mwa mambo ya kupendeza zaidi katika kazi hii yote. Mtu wa zamu huchagua nyota angavu iliyo karibu, ambayo mahali pake pamepimwa kwa uhakika, huiweka katikati ya mwanya, kisha huisogeza darubini kwa kiasi kilichokokotolewa, tuseme sekunde 31 kuelekea mashariki na 12 kuelekea kusini, na kuanza kupokea mwanga kutoka mahali ambapo macho yake hayaoni chochote. Anakaa dakika ishirini akiamini hesabu. Picha ikisomwa, ama kuna uzi mwembamba wa mwanga katikati ya giza, ama hakuna.

Wakati kamera iko wazi mtu anaweza kufikiri kwamba kazi imesimama. Haijasimama. Nyota ya kuongozea lazima ibaki mahali pake, na ikianza kufifia ni lazima ijulikane kama ni wingu jembamba linapita, ukungu unajikusanya, au mpangilio wa kioo umeanza kuachia. Mtu wa zamu husoma mashine za upepo na unyevu, hutazama kamera inayoona anga yote, na mara nyingi hutoka nje mwenyewe. Macho huchukua karibu nusu saa kuzoea giza, lakini wingu linaloziba nyota huonekana upesi kuliko hapo. Magari yanayopanda kilimani usiku huenda kwa taa hafifu tu, na sheria ya mwaka 2007 inayolinda maeneo ya astronomia nchini humo inaipa Sutherland kinga dhidi ya taa za watu. Bila hayo yote anga ile isingestahili kioo cha ukubwa huo.

Kuna jambo jingine ambalo wenye maombi husahau na mtu wa zamu hasahau kamwe. Kwa kuwa kioo hakitembei na mtambo wa juu unatembea, sehemu ya kioo inayotumika hubadilika katika safari nzima ya nyota. Katikati ya njia mwanga ni mwingi, pembeni hupungua. Hii ndiyo sababu SALT haiwezi kukuambia kwa hakika nyota ina mwangaza kiasi gani, ingawa inaweza kukuambia vizuri sana mwanga huo umeundwa na rangi zipi. Hodari hupanga muda ili picha ndefu iangukie katikati ya njia, na shughuli ndogo ndogo, kama vile kuwasha taa za neoni na agoni za kupimia mistari, ziangukie pembeni.

Kisha picha husomwa papo hapo. Mwanga umetandazwa kutoka bluu hadi nyekundu na spektrografu iliyopewa jina la Robert Stobie, mkurugenzi wa kituo cha astronomia cha Afrika Kusini aliyefariki mwaka 2002 kabla ya kuiona darubini ikikamilika. Kwa asiyezoea ni utepe wa kijivu wenye mistari. Mtu wa zamu hutafuta kwanza yale ambayo lazima yawepo: mstari wa kijani wa oksijeni ya anga yetu wenyewe, nanomita 557.7. Ukiwa mahali pake, chombo kimekaa sawa. Baada ya hapo hutazama kile alichoombwa. Ikiwa ombi ni la supanova na kuna bonde pana karibu na nanomita 615, hilo ni la silikoni inayokuja upande wetu kwa kasi ya maelfu ya kilomita kwa sekunde, na nyota iliyolipuka ni kibete cheupe. Yeye ndiye mtu wa kwanza duniani kulijua hilo, usiku wa manane, kwa niaba ya mtu aliyelala. Hatalitangaza. Ataandika ujumbe mfupi kwa mwenyewe, na kugeukia kinachofuata.

Nimeeleza mikono, sasa nieleze kichwa, maana hapo ndipo ninapoiheshimu kazi hii zaidi. Tuseme ni saa nne usiku. Hewa iliyokuwa tulivu jioni imeanza kuchafuka, na nyota zilizokuwa na upana wa sekunde 1.2 sasa zina sekunde 2. Kuna maombi matatu ambayo madirisha yake yako wazi. La kwanza ni galaksi ya daraja la juu, inahitaji hewa ya sekunde 1.5, na dirisha lake litafungwa baada ya dakika 50. La pili ni supanova ya daraja la kati ambayo haijali sana hewa, lakini inafifia, na leo imetimiza siku ya tano tangu ilipotazamwa mara ya mwisho. Mwenyewe aliomba kila siku tano. La tatu ni nyota angavu ya kujazia muda, inayoweza kufanywa hata mwezi ukiwaka.

Mashine inaweza kupanga orodha, na hufanya hivyo. Lakini mashine haikuwepo juzi hewa ilipochafuka vivyo hivyo baada ya upepo kugeuka, ikatulia tena kabla ya saa sita. Mtu wa zamu anakumbuka. Anajua pia kwamba galaksi hiyo itakuwa na madirisha mengine mwezi mzima, kwamba mwezi mchanga bado haujaanza kusumbua, na kwamba siku ya tano ya supanova haitarudi. Huenda akaifanya supanova sasa na kuiacha galaksi ifunge. Huenda akangoja dakika kumi akiitazama hewa, akitumia muda huo kupima taa, akiwa tayari kwa lolote. Vyovyote atakavyochagua, kuna mtu mahali fulani atakayeamka bila data aliyoitarajia, na mtu huyo hatakuwepo kutetea ombi lake. Mtu wa zamu ndiye anayelitetea. Ndiyo sababu siwezi kukubaliana na wanaoiona kazi hii kuwa ya kubonyeza vitufe kwa ajili ya wakubwa. Kutenda haki kati ya watu watatu wasiokuwapo, ndani ya dakika kumi, ukijua fizikia ya kila mmoja wao, ni elimu ya juu kabisa.

Foleni yenyewe inaweza kupinduliwa kwa simu moja. Tarehe 17 Agosti 2017, saa nane na dakika 41 mchana kwa saa za Afrika Kusini, vituo vya LIGO na Virgo vilinasa mawimbi ya mvutano kutoka nyota mbili za nyutroni zilizoungana. Usiku ule, darubini ya Swope huko Las Campanas nchini Chile ilikiona kitu chenyewe katika galaksi NGC 4993, miaka ya mwanga milioni 130 kutoka hapa. Afrika Kusini galaksi hiyo ilikuwa imekwisha kuzama. Ikabidi kusubiri jioni ya tarehe 18.

Fikiria jioni hiyo kwa macho ya mtu aliye zamu. Galaksi iko magharibi, imekwisha kupita karibu na utosi mchana, na inateremka. Ndani ya pete ya SALT imebakiwa na muda mfupi: kufikia saa moja usiku iko digrii 49 tu, inaelekea ukingo wa chini. Lakini saa moja ya Agosti si giza kamili. Mwanga wa machweo bado umejaa angani na unaingia ndani ya mwanya pamoja na mwanga wa kitu unachokitafuta. Kusubiri giza ni kukosa dirisha. Kuanza mapema mno ni kuzamisha data ndani ya mwanga wa jua. Kila hatua niliyoieleza hapo juu, kuitambua galaksi, kukitenga kitu kipya na kiini angavu cha galaksi hiyo, kukiweka kwenye mwanya, kukishika, ilibidi ifanyike mara moja na ifanyike sawa. Ilifanyika. Sutherland ilipata mwanga wa kitu hicho siku moja na robo hivi baada ya muungano, ikaupata tena jioni iliyofuata, na tofauti kati ya jioni hizo mbili ilionekana: bluu ilikuwa inakimbia na wekundu unakuja, kama inavyotarajiwa pale elementi nzito zinapotengenezwa. David Buckley na wenzake walizichapisha data hizo mwaka 2018. Kwa kuwa nyota hufika mahali pale pale dakika nne mapema kila siku, dirisha lilizidi kuzama ndani ya mwanga wa machweo, na kazi ikabaki kwa darubini nyingine.

Usiku kama huo ni mmoja. Mwingine mwingi ni wa kuba lililofungwa. Mawingu yanaingia saa mbili, unyevu unapanda, na mtu wa zamu anabaki macho kwa sababu saa tisa anga inaweza kufunguka. Anapitia ramani mbovu zilizomo kwenye foleni na kuwaandikia wenyewe wazirekebishe. Anapiga picha za kupimia ambazo hazihitaji anga. Anasoma data za wiki iliyopita akitafuta dalili za chombo kinachoanza kuchoka. Ni kazi isiyo na shahidi, na ubora wa usiku mzuri unatokana nayo.

Thamani ya uangalifu wa aina hiyo ilionekana miaka ya mwanzo ya SALT, picha zilipokuwa haziridhishi. Nyota za pembeni mwa picha zilivimba na kurefuka, na hali ilibadilika kutoka usiku hadi usiku. Sababu ingeweza kuwa upepo, mpangilio wa vipande, joto ndani ya kuba au lenzi yoyote. Ilipatikana kwa kupima, kuandika, kulinganisha na kuondoa dhana moja baada ya nyingine, hadi ikabainika kwamba tatizo liko kwenye chombo chenye vioo vinne kinachosahihisha taswira ya kioo kikuu: namna kilivyofungwa kwenye darubini ilikuwa ikikibana joto linapobadilika. Darragh O'Donoghue, aliyekuwa amekibuni chombo hicho na ambaye alifariki mwaka 2015, aliongoza kazi ya kukirekebisha. Kilishushwa mwaka 2009, kikapangwa upya kioo kwa kioo, kikarudishwa mwaka 2010, na picha zikanyooka. Mtu huona fahari anaposoma habari hiyo. Lakini isingewezekana kama watu wa zamu wangekuwa wameandika usiku baada ya usiku kwamba hali ilikuwa "ya kawaida".

Alfajiri inapokaribia, taa za kupimia huwashwa tena, kuba hufungwa, na mtu wa zamu huandika taarifa yake. Kwa kila ombi lililojaribiwa hutoa uamuzi: limekubaliwa au limekataliwa. Ombi likikataliwa, sekunde zake hazihesabiwi dhidi ya mwenyewe, na hurudi kwenye foleni. Kwa hiyo kukataa ni gharama kwa darubini, na kukubali data dhaifu ni gharama kwa mtu. Hakuna anayemsimamia wakati wa kuandika hivyo. Ile galaksi ya saa nne, tuseme aliijaribu baadaye kidogo hewa ilipoonekana kutulia, akapata picha mbili kati ya tatu, na ya pili ikapatwa na wingu dakika sita kabla ya kwisha. Utepe wa mwanga upo. Mtu asiye makini angeweza kuukubali, na mwenyewe angegundua upungufu wake miezi mitatu baadaye. Anaandika: picha mbili, hewa sekunde 1.8, wingu katika ya pili, mstari wa haidrojeni unaonekana lakini ni hafifu kuliko ulivyoomba. Nimelikataa ombi, data nimekutumia hata hivyo ikusaidie kupanga. Anaongeza ya wenzake: mwanya wa sekunde 1.5 ulisita mara moja kuingia mahali pake, mafundi wautazame mchana. Ramani ya nyota ya ombi la tatu imepinduliwa, kaskazini ni chini, mwenyewe ameshaandikiwa. Anaweka saa, anatia saini, na taarifa inakwenda kwa wote wanaohusika kabla hajalala.